Mbwa amerudi kwao lakini malipo hayajaja: Mtunzaji ana haki gani?

DESEMBA ikifika, magari hupanga foleni kutoka Nairobi kuelekea mashambani. Watoto hupata nafasi, magunia ya unga na mitungi ya mafuta ya kupikia pia. Mbwa ndiye huachwa.

Katika mitaa kama Ongata Rongai, Kitengela, Ruiru na Syokimau, ambako nyumba nyingi zina mbwa langoni, kuwalisha wanyama hawa kwa wiki mbili tatu kumekuwa njia ya kujipatia hela. Anayefanya kazi hiyo anaweza kuwa jirani, mwanafunzi aliye likizoni, au mama anayefuga kuku na ambaye tayari huamka alfajiri. Bei huafikiwa langoni au kwa WhatsApp. Hakuna anayefikiria wakili.

Shida huanza Januari, karo inapodaiwa na kila mtu analia hana pesa.

Chukua mfano wa mama wa Rongai aliyekubali kukaa nyumbani kwake na mbwa wa jirani, German Shepherd wa miaka minne, kwa Sh800 kwa siku, chakula kikiwa juu yake yeye mtunzaji. Mwenye mbwa alisema atarudi baada ya siku 21. Alituma Sh5,000 za kuanzia kwa M-Pesa, akaondoka na familia kwenda Kakamega. Siku ya 20 aliandika kwamba mipango imebadilika: "Endelea kukaa naye tu, tutaongea nikirudi." Siku ya 23 mbwa akaanza kutapika na kuhara, akasusia chakula. Mama alimpigia mwenyewe mara nne, simu haikushikwa. Akamwita daktari wa mifugo na kulipa Sh3,500 kutoka mfukoni mwake.

Mwenye mbwa alirejea siku ya 26. Alimchukua mbwa wake, akashukuru sana, akaahidi kutuma pesa jioni.

Jioni hiyo haijafika. Kwanza alinyamaza. Kisha akaandika kwamba mbwa amekonda. Halafu kwamba daktari hakuitwa na yeye. Mwisho akauliza: kwani jirani hawezi kumsaidia jirani?

Siku 26 kwa Sh800 ni Sh20,800. Ukitoa Sh5,000 zilizotangulia, zinabaki Sh15,800. Ukiongeza za daktari, deni ni Sh19,300. Kwa mama huyo hizo si pesa za kusamehe. Unga, matumbo na omena alizopikia mbwa zilitoka kwenye pesa za chakula cha kuku wake.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inataka maandishi kwa mambo machache, kama vile kuuza ardhi au kumdhamini mtu mwingine kwa deni lake. Kutunza mbwa hakumo. Mmoja akisema "nitakulipa mia nane kwa siku" na mwingine akajibu "sawa, mlete", wamefungana.

Kazi ni kuthibitisha kwamba maneno hayo yalisemwa, na hapo simu ndiyo shahidi mkuu. Ujumbe wa M-Pesa wa Sh5,000 unaonyesha kwamba haikuwa hisani: hakuna mtu anayemtumia jirani pesa za kuanzia kwa msaada wa bure. Ujumbe wa "endelea kukaa naye tu" unaonyesha kwamba siku tano za ziada ziliombwa na mwenye mbwa mwenyewe. Rekodi za simu nne zisizoshikwa zinaonyesha kwamba alitafutwa kabla ya daktari kuitwa. Risiti ya daktari inataja tarehe na dawa. Na kama mama alikuwa na mazoea ya kumpiga mbwa picha kila asubuhi na kumtumia mwenyewe, picha hizo ni jibu tosha kwa madai ya kukonda.

Kosa linalofanywa na wengi ni kufuta. Mtu akikasirika anafuta mazungumzo yote na kumfungia jirani namba. Simu nayo huibiwa, au hubadilishwa na ujumbe wote ukapotea. Ni afadhali kuyahifadhi mazungumzo mapema, kuyachapisha kwenye saiba ya mtaani, na kuomba taarifa ya M-Pesa ya miezi ile kutoka Safaricom.

Deni lenyewe lina sehemu tatu, na si zote zina uzito sawa.

Siku 21 za mwanzo ni rahisi: bei ilitajwa, kazi ikafanyika. Siku tano za ziada pia si ngumu, ingawa hakuna aliyetaja bei upya. Mtu akiomba huduma iendelee huku akijua inalipiwa, ni vigumu kudai baadaye kwamba alidhani imegeuka kuwa bure. Hata pale ambapo bei haikutajwa kabisa tangu mwanzo, mahakama inaweza kumpa mtunzaji malipo ya kiasi kinachostahili kwa kazi aliyoifanya, ikiangalia kiwango ambacho watu wengine hulipwa kwa kazi kama hiyo.

Pesa za daktari ndizo zenye ubishi. Mwenye mbwa ana hoja: hakuombwa ruhusa. Lakini kuna kesi ya zamani ya Uingereza inayomhusu farasi, na ambayo bado hutajwa na mawakili hadi leo. Kampuni ya reli, Great Northern Railway, ilimsafirisha farasi hadi kituo cha Sandy, na hakukuwa na mtu wa kumpokea. Kampuni ikampeleka kwenye zizi la kulipia. Mwenyewe, aliyeitwa Swaffield, akakataa kulipa gharama za zizi. Kampuni ikazilipa, zikafikia pauni 17, kisha ikamshtaki. Mnamo 1874 korti iliamua kwamba alipaswa kurejesha pesa hizo, kwa kuwa kampuni haingeweza kumwacha mnyama barabarani bila chakula wala mahali pa kulala.

Kesi hiyo inaihusu Rongai kwa sababu Sheria ya Mahakama ya Kenya, Sura ya 8, inaruhusu korti zetu kufuata kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza zilizokuwapo Agosti 12, 1897, mradi ziafiki hali ya wananchi wa hapa. Kwa hivyo mama aliyemwita daktari baada ya kumtafuta mwenye mbwa na kumkosa ana mahali pa kusimama. Angempeleka mbwa kuogeshwa na kunyolewa bila kuulizwa, angekuwa amejigharimia mwenyewe.

Kuna pia upande wa jinai. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, haimwangalii mwenye mnyama peke yake. Inamgusa pia yule aliyekabidhiwa. Mama angemwacha mbwa anahara hadi afe kwa sababu hakupata ruhusa, huenda swali lingegeuka na kumwelekea yeye.

"Si sisi ni familia?"

Utetezi unaouma zaidi katika kesi hizi hauhusu mbwa kukonda. Ni ule wa undugu. Anayedaiwa ni binamu, shemeji, rafiki wa kanisani, au jirani ambaye watoto wake hula kwenye nyumba yako. Anasema hakukuwa na kazi, kulikuwa na kusaidiana.

Sheria inamsikiliza zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida korti huanza kwa kuamini kwamba watu wa nyumba moja wanapopanga mambo yao ya nyumbani hawakukusudia kupelekana kortini. Mpwa aliyelala kwa shangazi yake wiki mbili akila chakula chake na kulisha paka hatapata urahisi wa kudai Sh800 kwa siku, kama bei haikutajwa kamwe. Ndiyo maana ile Sh5,000 ya mwanzo ni muhimu. Pesa ikishatajwa kwa idadi, na nyingine ikatumwa, undugu haufuti hesabu.

Mambo ni tofauti kabisa kwa mfanyakazi wa nyumbani. Yaya au mlinzi wa lango aliyeajiriwa kwa mwezi na kuachiwa mbwa wakati wa likizo hafanyi biashara ya kutunza wanyama, yuko kazini. Asipolipwa, dai lake ni la mshahara, linapitia kwa afisa wa leba au korti inayosikiliza kesi za kazi, na muda wake wa kushtaki ni miaka mitatu. Mtunzaji wa mkataba kama mama wa Rongai ana miaka sita. Na kama aliyemtunza mbwa ni mwanafunzi ambaye hajafika miaka 18, mzazi au mtu mzima mwingine ndiye hufungua kesi kwa niaba yake.

Mbwa hashikwi rehani

Wengi wakisimuliwa kisa cha mama huyu husema kosa lake lilikuwa moja: kumwachilia mbwa. Angefunga lango, wanasema, na pesa zingepatikana siku hiyo hiyo.

Ushauri huo ni mtamu, lakini ndio unaowaponza watunzaji wengi zaidi. Fundi wa gari au fundi wa saa ana haki ya kushikilia chombo alichokitengeneza hadi alipwe, kwa sababu kazi yake imekiongezea chombo hicho thamani. Anayelisha mnyama hana haki hiyo. Korti ya Uingereza iliamua hivyo mwaka wa 1839 katika kesi ya Jackson na Cummins, iliyohusu ng'ombe wa maziwa waliowekwa kwenye malisho ya mtu mwingine kwa malipo. Mwenye malisho alidai pesa zake akiwa amewazuia ng'ombe. Aliambiwa kwamba kulisha ni kuwaweka hai tu jinsi walivyokuwa, na kwamba hakuwa na haki ya kuwazuia bila makubaliano. Anayemfunza mnyama kazi fulani anaweza kuwa na hoja nyingine, kwa kuwa yeye ameongeza kitu. Mtunzaji wa kawaida hana.

Makubaliano ndiyo yanayobadilisha mambo. Kama mwenye mbwa alikubali mapema, na afadhali kwa maandishi, kwamba mnyama hataondoka kabla ya salio kulipwa, mtunzaji ana msingi. Bila hilo, anayefunga lango anajigeuza mshtakiwa. Mwenye mbwa anaweza kwenda kituo cha polisi na kuandikisha kwamba ameibiwa. Hata kama shtaka la wizi halitasimama, kwa kuwa mtunzaji anadai haki yake kwa nia njema, mama atakuwa amepoteza siku nzima kituoni akijieleza. Jirani anaweza pia kwenda kortini kudai mbwa wake arudishwe na kuomba fidia.

Tena ni hasara juu ya hasara. Mbwa aliyezuiliwa bado anakula. Kanuni nyingine ya zamani inasema anayeshikilia mali ya mtu ili alipwe deni hawezi kumtoza mwenyewe gharama ya kuishikilia. Mama angemzuia mbwa huyo mwezi mzima, zile Sh800 za kila siku zingekuwa zake mwenyewe. Mbwa naye hajui kwamba kuna deni. Anachojua ni kwamba kafungwa.

Njia nyingine inayopendwa ni kumwanika mdaiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: picha yake, namba yake ya simu, na maneno makali. Kusema ukweli si kosa, lakini hasira huongeza chumvi, na chumvi ndiyo huzaa kesi ya kuharibiana jina. Kusambaza namba na picha ya mtu kunaweza pia kugusa Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mtu aliyekuwa anadai Sh19,300 anajikuta anaombwa fidia.

Polisi nao si wakusanyaji wa madeni. Kutolipa si jinai. Kinachoweza kuwa jinai ni udanganyifu wa tangu mwanzo, kwa mfano mtu anayetuma ujumbe bandia wa M-Pesa ili apewe mbwa aondoke naye. Huyo aripotiwe.

Barua kwanza

Kabla ya korti, barua. Haihitaji wakili wala Kiingereza cha ndani. Ukurasa mmoja unatosha: nani alikubaliana na nani, tarehe gani, kwa bei gani, siku ngapi, nini kimelipwa, nini kimebaki, na mwisho wa kulipa, tuseme siku 14. Kila sehemu ya deni iandikwe peke yake ili mwenye mbwa akikubali siku 26 na kukataa za daktari, ijulikane wanabishania Sh3,500 na si Sh19,300. Barua ikabidhiwe mbele ya mtu au itumwe kwa njia inayoacha alama, na nakala ibaki.

Barua kama hiyo hufanya kazi mbili. Wapo wanaolipa wakiiona, kwa kuwa wameelewa kwamba jambo limetoka kwenye mazungumzo ya langoni. Wapo wanaojibu, na jibu lenyewe likawa ushahidi. Anayeandika "nitalipa nusu mwezi huu" amekiri deni. Anayetuma Sh2,000 naye amekiri, na kisheria malipo hayo madogo huanzisha upya ile miaka sita.

Mtu asiyetaka kuharibu ujirani anaweza kupitia kwa chifu au naibu wake, wazee wa mtaa, au kiongozi wa dini ambaye wote wawili wanamheshimu. Hiyo si njia ya vichochoroni. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinazitaka korti zenyewe kuhimiza upatanishi na njia za jadi za kusuluhisha mizozo. Muhimu ni makubaliano yaandikwe, yawe na tarehe za malipo, na wote watie sahihi. Upatanisho ulioishia kwenye chai na maneno mazuri huwarudisha watu pale pale Februari.

Korti isiyohitaji wakili

Kwa miaka mingi ushauri ungeishia hapo, kwa sababu kesi ya Sh19,300 katika mahakama ya hakimu ingemeza pesa zaidi ya hizo. Hali ilibadilika kupitia Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016. Mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa nyingine zipo katika miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Sheria ilipopitishwa kikomo cha dai kilikuwa Sh200,000. Mwaka wa 2020 kikapandishwa hadi Sh1 milioni.

Mikataba ya huduma ni miongoni mwa mambo ambayo korti hiyo husikiliza. Haisikilizi kesi za kuharibiana jina, umiliki wa ardhi wala za ajira, na hiyo ni sababu nyingine ya yaya kuelekea kwingine. Anayeamua kesi huitwa mwamuzi, naye ni wakili mwenye uzoefu wa angalau miaka mitatu.

Mdai anaweza kujiwakilisha. Kiswahili kinaruhusiwa. Korti haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi zinazotumika kwingine, hivyo mama anaweza kuonyesha ujumbe wake wa simu bila kupotelea kwenye taratibu asizozijua. Sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na hukumu itolewe siku hiyo ya kumaliza kusikizwa au si zaidi ya siku tatu baadaye. Kuahirisha kunaruhusiwa kwa sababu zisizo za kawaida pekee. Wote wakikubali, mwamuzi anaweza kuamua kwa kusoma hati bila kuwaita mashahidi.

Kesi hufunguliwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama au kwa msaada wa karani kwenye sajili. Fomu ya dai hujazwa, ada hulipwa, kisha mdaiwa hukabidhiwa hati. Hatua hiyo ya kumkabidhi hati ndiyo inayokwamisha wengi. Bila ushahidi kwamba mwenye mbwa alizipata, mwamuzi hawezi kuendelea. Akizipata na akanyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila yeye kuwepo. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, mtunzaji ahakikishe anajua jina kamili la mdaiwa na mahali anapoishi. Wengi wanajua jina la mbwa kuliko la mwenyewe. "Baba Tyson" haliandikwi kwenye fomu ya korti.

Mdaiwa naye ana nafasi ya kujitetea na hata kudai fidia. Jirani wa Rongai anaweza kusema mbwa wake alikonda, au aliugua kwa sababu ya kulishwa mifupa ya kuku. Aliyelipwa kumtunza mnyama wa mtu anawajibika kumtunza kwa uangalifu wa kawaida, na mnyama akidhurika au akipotea, ni yeye anayetarajiwa kueleza alichofanya. Kama mwamuzi ataona kwamba mbwa aliugua kwa uzembe wa mtunzaji, za daktari zitakatwa na pengine zaidi. Mtunzaji mwenye busara hujiuliza maswali haya kabla ya kwenda, kwa sababu kesi humulika pande zote mbili. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa kwa Mahakama Kuu kuhusu masuala ya sheria tu, si kuanza upya kubishania iwapo mbwa alikula au hakula.

Hukumu, hata hivyo, si pesa. Mwenye mbwa akiendelea kukaidi, mtunzaji huomba utekelezaji: akaunti ya benki ya mdaiwa kuzuiwa, sehemu ya mshahara wake kukatwa, au dalali aliyesajiliwa kwenda kuorodhesha vitu vya nyumbani na kumpa siku saba kabla ya kuvichukua. Vitanda, nguo, vyombo vya kupikia na zana za kazi za mtu haviguswi. Dalali ana ada yake, na kwa deni la Sh19,300 ada hiyo ni jambo la kufikiria sana. Kwa kiasi kama hicho ni afadhali mara nyingi kukubali awamu, tuseme Sh5,000 kwa mwezi, ziwe kwenye amri ya korti. Akikosa awamu moja, mtunzaji haanzi tena mwanzo.

Hali ngumu zaidi ya zote ni pale mwenye mbwa asipolipa na wala asimchukue mbwa. Wengine huhama. Mtunzaji hapaswi kumfungulia mnyama lango atokomee, kwani kumtelekeza ni ukatili, na mbwa anayezurura bila mwenyewe huwa hatari kwa watoto wa mtaa, hasa kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepitwa na wakati. Amwandikie mwenyewe ilani yenye tarehe, akimwambia lini atafikiria mnyama ameachwa na atampeleka wapi. Ipo Sheria ya Kuuza Mali Isiyochukuliwa, Sura ya 38, ambayo wasomaji wa Gazeti Rasmi wanaijua kutokana na matangazo ya magari yaliyoachwa gereji. Lakini kabla ya kumuuza au kumgawa mbwa wa mtu kwa kuitegemea, hapo ndipo pa kutumia pesa kidogo kumwona wakili. Katika kipindi hicho shirika la KSPCA linaweza kutoa ushauri kuhusu mnyama mwenyewe, na gharama za chakula ziendelee kuandikwa, kila siku na kiasi chake, maana hapo ile kesi ya farasi wa Sandy inakaribia kufanana kabisa.

Mwaka huu mama wa Rongai, kama atakubali tena, atafanya mambo manne kwa njia ya WhatsApp kabla mbwa hajavuka lango lake. Atataja bei na siku, na bei ya siku za ziada. Atachukua nusu ya pesa kwanza, na salio lilipwe kabla mbwa hajaondoka. Ataandika kwamba mbwa akiugua na mwenyewe asipatikane kwa saa kadhaa, daktari ataitwa kwa gharama ya mwenyewe, hadi kiasi fulani. Ataomba namba ya mtu wa pili, ndugu au mfanyakazi mwenza. Kisha atasubiri jibu la "nimekubali". Ujumbe huo huchukua dakika tano kuandika.

Kuhusu deni la mwaka jana, barua bado inaweza kwenda, kwa kuwa miaka sita haijaisha. Bakuli la mbwa, mnyororo na kadi ya chanjo vimebaki kwa mama tangu siku ile ya kuchukuliwa kwa haraka. Avirudishe pamoja na barua, na jirani atie sahihi kwamba amevipokea vyote.